Uwanja wa michezo unaweza kuwa bustani ya umma mwaka mzima?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mji wetu inayopanga kujenga uwanja wa michezo wa watazamaji 15,000 kwenye eneo la hekta 18. Baadhi yetu tunataka eneo hilo liwe pia bustani ya watu wote, kila siku ya mwaka. Mshauri wa usalama anasema haiwezekani, lazima uzio uzunguke eneo zima. Mtaalamu wa nyasi naye anasema watu watauharibu uwanja. Nani yuko sahihi, na mchoro uanzie wapi?

JIBU: Ndugu mjumbe, washauri wenu wote wawili wameona jambo la kweli, ila kila mmoja anaitazama siku ya mechi peke yake. Wa usalama anaona umati wa watu 15,000. Wa nyasi anaona viatu vya watu wasiohusika vikikanyaga kazi yake. Hakuna aliyeulizwa kuhusu siku zisizo na mechi, na hizo ndizo nyingi. Tuseme mtafanikiwa sana, mkapata mechi, matamasha na sherehe 40 kwa mwaka. Bado zinabaki siku 325. Mkichora kwa ajili ya zile 40, mtakuwa mmejenga hekta 18 zenye geti lililofungwa. Mkichora kwa ajili ya zile 325, kisha mkatafuta namna ya zile 40 kuingia humo kwa usalama, mtapata vyote viwili. Bustani ndiyo mwenyeji, mechi ni mgeni: mgeni anapewa kiti kizuri, lakini kuta za nyumba hazivunjwi kwa ajili yake.

Anzeni na hesabu ya ardhi, maana ndiyo inayotuliza mabishano kwenye kamati. Uwanja wa soka wa kiwango cha kimataifa una mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Haufiki hata robo tatu ya hekta. Ukijumlisha majukwaa ya watu 15,000, vyumba vya wachezaji na njia za ndani, mtakuwa mmetumia hekta tatu au nne. Zinabaki 14. Swali lenu lote limo ndani ya hizo 14, na kinachozitishia zaidi si mashabiki wala watoto wenye baiskeli. Ni maegesho. Gari moja, pamoja na njia ya kulifikisha mahali pake, linahitaji takriban mita za mraba 25. Magari 2,000 yanameza hekta tano, sawa na viwanja saba vya soka vilivyomwagiwa lami. Lami hiyo itakaa tupu na kuchemka juani kwa zile siku 325. Wekeni maegesho ya lami ya mahitaji ya kila siku tu. Magari ya siku ya mechi yaelekezwe kwenye nyasi zilizoimarishwa chini kwa vitalu vyenye matundu, ambazo siku nyingine watoto wanazichezea, na sehemu kubwa ya mashabiki ifike kwa basi na kwa miguu. Uamuzi huu wa maegesho ndio utakaoamua kama bustani ipo au haipo, na inafaa ufanywe kabla hata ya kumwita msanifu majengo.

Sasa nyasi. Mtaalamu wenu hakosei: nyasi za asili za uwanja wa mashindano hazivumilii kukanyagwa asubuhi hadi jioni. Udongo unashindiliwa, hewa na maji havipiti, mizizi inabaki juu juu, na mechi moja ya mvua inamaliza kazi ya miezi. Kwa hiyo kubalianeni naye waziwazi kwamba zile mita za mraba 7,140 si bustani. Mpeni uzio mdogo wa kuzilinda, na mpeni amani yake. Bustani ni kila kitu kinachozizunguka, pamoja na viwanja vya mazoezi vya nyasi bandia ambavyo havichoki kwa saa nyingi za matumizi.

Kuna mahali ambapo hata nyasi za mashindano zenyewe hugeuka bustani. Ni Old Course ya St Andrews huko Uskoti, uwanja wa gofu unaojulikana kuliko wote duniani. Siku za Jumapili, isipokuwa kukiwa na mashindano maalumu, gofu hairuhusiwi, na wenyeji wanatembea humo na watoto na mbwa wao. Inawezekana kwa sababu gofu imetandazwa kwenye eneo kubwa lenye udongo wa kichanga, na nyayo za watu zinasambaa badala ya kurudi mahali pamoja. Nanyi mna la kujifunza hapo ingawa hamjengi gofu: kilichoufanya uwanja ule kuwa wa watu wote ni ratiba, yaani siku inayojulikana na kila mtu na isiyobadilishwa hovyo. Hakuna tofali lililohitajika.

Nisogee kwenye jambo ambalo kamati nyingi huliamua kwa mazoea: njia ya mbio ya mita 400. Mazoea ni kuizungusha kwenye uwanja mkuu wa soka. Maoni yangu ni kwamba msifanye hivyo, isipokuwa kama mna uhakika wa mashindano makubwa ya riadha yanayojaza majukwaa. Njia hiyo inamsogeza mtazamaji wa soka mbali na mchezo, na timu za soka huikimbia zikipata pa kwenda. Klabu mbili kubwa za Munich ziliuacha uwanja wa Olimpiki wa 1972 mwaka 2005 na kuhamia uwanja wa soka pekee. London nako walijaribu kuupatanisha uwanja wa Olimpiki wa 2012 na soka na riadha pia kwa viti vinavyosogezwa, na kazi ya kuvisogeza kila msimu imekuwa ikigharimu mamilioni ya pauni.

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi kwa lengo lenu. Njia ya mbio ikifungiwa ndani ya majukwaa, mnakuwa mmekifungia kifaa ambacho watu wangekitumia kuliko vyote. Soka ya mashindano ina wachezaji 22. Njia ya mbio iliyo wazi inatumiwa na mwanafunzi, na mzee aliyeambiwa na daktari atembee, na mama anayemaliza mizunguko kumi kabla ya kwenda kazini, tena kwa wakati mmoja. Itoeni nje. Iwekeni ndani ya bustani, ikiwa na tuta la nyasi upande mmoja na jukwaa dogo upande wa pili, na isiwe na geti la kufungwa mchana. Huko San Francisco, uwanja wa Kezar ulio ukingoni mwa Golden Gate Park ulikuwa na nafasi ya takriban watu 60,000 katika enzi zake za soka ya Kimarekani. Ulibomolewa mwaka 1989 na mahali pake pakajengwa uwanja mdogo wa takriban watu 10,000. Leo njia yake ya mbio ni ya watu wote, na wakimbiaji wa kawaida hawakosekani. Uwanja ulipungua ukubwa, ukapata watu wa kila siku.

Twende kwenye uzio, kwa sababu hapo ndipo mshauri wa usalama atakapowabana, na ana haki ya kuwabana. Anachohitaji kwa kweli ni mstari mmoja ambao mtu asiye na tiketi havuki. Hajawahi kuhitaji mstari huo uwe mpakani mwa hekta 18. Usogezeni ndani mpaka ukuta wa nje wa majukwaa uwe ndio uzio wenyewe. Bustani inafika hadi miguuni pa jukwaa, na milango ya ukaguzi inakuwa kwenye ukuta huo. Munich ilifanya hivi kwa kutumia ardhi: sehemu kubwa ya majukwaa ya uwanja wa Olimpiki imezamishwa ardhini, kwa hiyo anayetembea bustanini anafika kwenye ukingo wa juu wa uwanja bila kuona ukuta mrefu mbele yake. Tofauti ya kina inafanya kazi ya uzio. Pale inapohitajika duru ya pili ya ukaguzi kwa mechi kubwa, fukieni soketi za chuma ardhini na kuzifunika kwa vifuniko vilivyo sawa na sakafu. Uzio wa muda unachomekwa asubuhi ya mechi na kung'olewa usiku uleule.

Mwambieni pia kwamba uzio mrefu peke yake si usalama. Mwaka 1989 huko Hillsborough, Sheffield, watu 97 walipoteza maisha kutokana na msongamano ndani ya jukwaa lililozungushiwa vyuma upande wa uwanja, wakakosa pa kutokea. Kinachookoa watu ni upana wa njia za kutokea. Mwongozo rasmi wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza unahesabu watu 82 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana kwenye sakafu tambarare, na 66 kwenye ngazi, na unataka watu watoke katika muda usiozidi dakika 8. Fanyeni hesabu ya uwanja wenu: 82 mara 8 ni watu 656 kwa kila mita. Watu 15,000 wanahitaji karibu mita 23 za milango tambarare, zikigawanywa pande zote. Kama sehemu kubwa wanashuka ngazi, upana unapanda hadi mita 29 hivi. Na wakishatoka, wanahitaji mahali pa kusambaa. Bustani iliyo wazi pande zote inafanya kazi hiyo vizuri kuliko eneo lenye uzio na mageti manne. Mkimwonyesha hesabu hii, huenda mshauri wenu akawa mtetezi wa bustani.

Hata hivyo uwazi huo una hatari yake. Eneo la kupokea umati, likimwagiwa zege na kuachwa hivyo, huwa jangwa siku isiyo na mechi. Sydney waliliona hili baada ya Michezo ya Olimpiki ya 2000: barabara pana iliyochorwa kwa ajili ya umati mkubwa ilibaki na watu wachache, na mipango iliyofuata ililazimika kuleta makazi na ofisi ili mahali pale papate watu wa kawaida. London, kwa Michezo ya 2012, walijenga daraja la katikati likiwa na sakafu ya ziada ya muda. Umati ulipokwisha, sakafu ile iliondolewa, yakabaki madaraja membamba yenye kuonyesha maji chini. Nanyi fikirini hivyo. Upana wa siku ya mechi na upana wa siku ya kawaida si lazima viwe kitu kimoja. Pandeni miti kwa mistari inayofuata mwelekeo wa watu, si inayowakatiza. Wekeni chemchemi za maji zinazorushwa kutoka sakafuni bila kingo, watoto wazichezee, na siku ya mechi zizimwe ili umati upite juu yake.

Viti navyo msivijenge vyote kwa zege. Kituo cha kuogelea cha London kilichobuniwa na msanifu majengo Zaha Hadid kilikuwa na viti 17,500 wakati wa Michezo, vingi vikiwa kwenye mabawa ya muda yaliyoning'inizwa pande mbili. Mabawa yakaondolewa, vikabaki kama 2,500, na leo wananchi wanalipa kiingilio na kuogelea humo. Kwa watu 15,000, ningejenga viti vya kudumu 6,000 au 7,000, tuta la nyasi la watu elfu kadhaa, na msingi ulioandaliwa kwa ajili ya majukwaa ya kukodi. Tuta lisizidi mwinuko wa mita moja kwa kila mita tatu za usawa, kwa sababu likiwa kali zaidi mashine ya kukata nyasi haipandi kwa usalama na mvua inashuka na udongo. Udongo wa tuta hamna haja ya kuununua: ni ule mliouchimba kuzamishia uwanja.

Msidharau kilima. Kilima cha Olimpiki cha Munich kilitengenezwa kwa vifusi vya majengo yaliyoharibiwa na mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, juu ya uwanja wa zamani wa ndege. Msanifu mandhari Günther Grzimek alitaka watu wakanyage nyasi zile wapendavyo, wakati ambapo bustani nyingi zilijaa vibao vya kukataza. Zaidi ya miaka 50 baadaye watu bado wanapanda pale kutazama mji na machweo. Mwezi Julai 2024, Taylor Swift alipotumbuiza uwanjani, maelfu kwa maelfu ya watu wasio na tiketi walikaa kilimani wakisikiliza. Ni jambo zuri, na ni onyo pia: kilima kinachotazama uwanja ni jukwaa la bure, kwa hiyo nacho kinahitaji ngazi, taa, vyoo na watoa huduma ya kwanza kwenye mpango wa siku ya tukio.

Kuhusu maji ya mvua, paa la majukwaa la hekta moja likipokea milimita 50 za mvua linamwaga lita 500,000. Mkiyapeleka yote kwenye mtaro wa barabara, mtawafurikisha walio chini yenu. Mjini Rotterdam kuna uwanja wa umma uitwao Benthemplein, uliokamilika mwaka 2013, wenye kiwanja cha mpira wa kikapu kilichoshushwa chini na ngazi za kukalia kukizunguka. Jua likiwaka ni mahali pa kucheza. Mvua kubwa ikinyesha kinajaa maji kwa muda, kisha yanatolewa taratibu. Uwanja huo mzima unahifadhi takriban lita milioni 1.7. Nanyi shusheni viwanja viwili vya kikapu au vya kuteleza kwa vibao, viwe mabwawa ya dharura. Uwanja mkuu wa nyasi msiuguse kwa kazi hiyo.

Mambo yanayobaki ni madogo kwenye mchoro na makubwa kwenye maisha. Vyoo vya uwanja karibu siku zote hufunguka ndani, kwa hiyo mtembeaji wa asubuhi anakuta jengo lenye vyoo vingi na hana hata kimoja. Chagueni baadhi yake vifunguke nje. Taa za mechi na taa za njia ziwe na swichi tofauti, maana mechi inahitaji mamia ya lux (kipimo cha mwanga unaofika mahali) na mtembea kwa miguu anatosheka na kumi hivi, zilizosambaa bila kuacha vichochoro vya giza. Kila njia iwe na pa kutokea mbele, isiishie ukutani, kwani wanawake wanaotembea peke yao hupima mahali kwa jambo hilo kabla ya uzuri wa maua. Wekeni mzunguko wa kutembea wa kilomita moja uliopimwa na kuandikwa, na sehemu yake ipite chini ya paa la majukwaa. Huko Singapore, uwanja wa taifa uliofunguliwa mwaka 2014 unazungukwa na njia iliyofunikwa, na watu wanakimbia humo hata mvua ikinyesha. Miti ipandwe mwanzoni mwa ujenzi, na eneo la mizizi lizungushiwe kamba mitambo isipite juu yake. Njia ya zimamoto na gari la wagonjwa iwe na upana wa angalau mita nne na isiwekwe benchi wala kibanda, hata cha siku moja.

Mwisho ni mkataba, na hapa sitanii hata kidogo, kwa sababu michoro mizuri mingi imefia hapa. Katika eneo la Deodoro, Rio de Janeiro, ziwa la mashindano ya mitumbwi lilifunguliwa kwa wananchi kuogelea hata kabla ya Michezo ya 2016. Watu walilipenda. Baada ya Michezo likafungwa kwa miezi kadhaa, kwa sababu mwendeshaji wa kudumu hakuwa amepatikana. Athens nako viwanja kadhaa vya 2004 vya eneo la Hellinikon viliachwa hadi vikaota magugu. London, kinyume chake, waliunda shirika la kusimamia urithi wa bustani yao kabla Michezo haijaanza.

Kwenye mkataba wenu, mwendeshaji wa uwanja na wa bustani awe mmoja, na sehemu ya kila tiketi iende kwenye matunzo ya bustani. Andikeni idadi ya juu ya siku ambazo sehemu yoyote ya bustani inaweza kufungwa, na katika hesabu hiyo siku za kusimika na kuondoa mitambo zihesabiwe pia. Kipengele hiki kinasahaulika sana. Huko Melbourne, mbio za magari zimefanyika kwenye bustani ya Albert Park tangu 1996. Mbio zenyewe ni za siku chache, lakini kujenga na kubomoa vizuizi na majukwaa huchukua wiki nyingi, na wakazi walipinga kwa maandamano. Mwandaaji wa tamasha atawaambia anahitaji jioni moja. Mwulizeni lori la kwanza linaingia lini na la mwisho linatoka lini, na mwandike tarehe hizo.

Kwa kikao kijacho, mwombeni msanifu alete michoro mitatu ya eneo lilelile kwa vipimo vilevile: Jumanne saa moja asubuhi, siku ya mechi dakika kumi baada ya filimbi ya mwisho, na siku mbili kabla ya tamasha malori yakiwa ndani. Kwenye kila mmoja mstari wa tiketi uonyeshwe kwa wino mwekundu, pamoja na vyoo vilivyo wazi saa hiyo na njia anayopita mtu mwenye kiti cha magurudumu. Mchoro wa Jumanne ujadiliwe kwanza, na usiidhinishwe ule wa mechi kabla huo wa Jumanne haujakubaliwa.